Tulingojea Prime, Wakamubeba Bwana Yangu

Admin, ficha jina langu, watu wa kwetu wako wengi kwenye hii page. Niko mama wa miaka thelathini na tatu, infirmière, muuguzi wa wagonjwa, ninaishi Goma na wasichana wangu wawili na mama mukwe. Bwana yangu ni maçon, anajenga nyumba za watu. Nitamuita Papa Asifiwe, ijapokuwa si jina la mutoto wetu.

Volkano ilipotoka ilifunika nyumba yetu kwenye barabara ya Kibati, hatukuokoa hata sufuria. Tukaanza tena na mbao, juu ya yale mawe meusi. Nilipopata kazi kwenye mradi wa afya, contrat ya mwaka mmoja yenye prime, ile pesa ya kumaliza kazi, mwishoni, tuliipangia mabati na simenti mbele hata nianze kazi.

Kisha vita ikaingia mjini. Mwaka ukiwa karibu kuisha, mradi mwingine ukanipigia simu kutoka Butembo, nilikozaliwa: kazi iko, uje mara moja. Nikamuuliza chef wangu. Akasema, "Mama, ukiondoka mbele contrat iishe, prime unaipoteza. Vumilia hizi wiki chache." Watu wa Butembo wakakubali kuningoja, lakini shingo upande.

Mimi nilitaka twende. Askari walioshika mji walikuwa wanakamata wanaume mitaani na kuwapakiza kwenye camion. Nikamwambia bwana yangu, "Papa Asi, tuache hiyo franga, twende."

Akanijibu, "Volkano ilikula nyumba, vita ikakula kazi yangu. Na hii nayo tuiache? Vumilia, mama. Mimi sitatoka kwenye parcelle, sitavuka hata lango."

Na kweli hakutoka. Alishinda ndani, akipika, akiwasuka watoto nywele vibaya mpaka tukamucheka.

Siku walipofunga mtaa wetu, waliingia nyumba kwa nyumba. Walimukuta anaosha sahani. Alisema tu, "Muniache nivae viatu." Hawakumuacha. Nilikimbia nyuma ya camion na sandali zake mkononi, mpaka mmoja wao akanielekezea bunduki.

Tangu siku hiyo sijui kama yuko hai. Mutu mmoja alisema amemuona Rumangabo, kwenye kambi ya askari, kesho yake akasema labda hakuwa yeye. Siku ya mwisho ya contrat ikafika. Prime iliingia kwenye telefone nikiwa bado kazini, nikaketi chini, wagonjwa wakabaki wananishangaa.

Sasa mama mukwe anasema mbele ya majirani, "Mutoto wangu alipotea juu ya franga yako. Kama ungemupenda, mungekuwa mulishaenda." Sijamujibu. Nimuambie kwamba ni mutoto wake aliyeniomba tubaki? Hayuko hapa ajitetee.

Kuna bwana mmoja amekuja, anasema anajua mkubwa fulani, nikitoa prime yote Papa Asifiwe ataachiliwa. Nikamuomba aniletee sauti ya Papa Asi, hata neno moja. Akakasirika: "Mama, unafanya biashara na uhai wa mutu?" Mama mukwe akalia kutwa nzima, hakugusa chakula.

Butembo nao wamenipigia kwa mara ya mwisho. Nisipofika juma lijalo, wanaweka mwingine. Njia ni ya kuzunguka Uganda, na nauli ni hiyo hiyo prime. Hapa kazi sina tena. Nikibaki, watoto watakula nini? Nikienda, sitaweza kurudi kumutafuta. Mama mukwe amekataa kuondoka, anasema tena wajukuu wake hawaendi popote bila baba yao.

Jana mutoto wangu mkubwa aliniuliza, "Mama, tukienda, papa atajua fasi tuko?" Nikamuambia ale, chakula kinapoa.

Mama zangu, papa zangu munaosoma hapa, hasa ninyi muliowahi kungojea mutu wenu, nishikeni mkono. Nimupe yule bwana franga? Niwapakize watoto kwenye gari na mama mukwe ananilaani? Ao nibaki hapa? Mimi peke yangu nimeshindwa kuamua.