Nazi ya Dada Tresya

Kabla sijasimulia habari za Dada Tresya, acha niseme langu kwanza: nilimtukana, tena kwa maandishi, mbele za watu. Kazi yangu ni kusahihisha makosa kwenye kiwanda cha uchapaji hapa Kochi, kusini mwa India, na mtu aliyezoea kutafuta makosa ya wenzake huishia kuyapenda. Leo nalijua hilo. Mwaka ule sikulijua.

Tresyamma Ouseph alikuwa nesi mstaafu, mjane, akiishi peke yake Kothamangalam katika nyumba ya vyumba sita. Wanawe wawili walikuwa Ireland. Mmoja alimletea kompyuta ili wawe wanazungumza, kisha wote wawili wakakosa muda wa kuzungumza. Mama wa watu akabaki na mashine mezani. Akajifunza kuandika Kimalayalam kwa kidole kimoja, na huko ndiko alikotukuta sisi.

Sisi tulikuwa watu kama mia tatu tulioandika blogu kwa lugha yetu: madereva walioko nchi za Ghuba, walimu, makarani, mama wa nyumbani, na wajuaji kama mimi. Hatukuwa na mhariri. Mtu aliandika habari za paka wake, au za mama mkwe, au za mvua iliyobomoa choo, na wenzake wakaja chini yake kutoa maoni. Kulikuwa na ukurasa mmoja uliokusanya vichwa vya maandishi mapya yote, nasi tuliuchungulia kutwa nzima kama watoto wanaochungulia chungu jikoni.

Tulikuwa na mila yetu pia. Kwetu mtu hafungui duka wala haanzi safari kabla ya kuvunjwa nazi mbele ya Ganapati, mungu wa Kihindu. Basi andiko jipya nalo lilivunjiwa nazi: aliyetangulia kutoa maoni aliandika "Paaa!", mlio wa nazi ikipasuka, na hapo andiko limefunguliwa kwa heri. Wahindu, Waislamu, Wakristo, sote tulivunja. Mwandishi aliyekaa nusu siku bila nazi alijiona yatima.

Mvunjaji wetu mkuu alikuwa Dada Tresya. Yeye mwenyewe hakuandika sana, lakini hakuna mgeni aliyetoa andiko lake la kwanza, hata likiwa bovu namna gani, akakosa nazi yake. Mpinzani wake alikuwa Rajmohan, karani aliyekuwa Sharja, huko Ghuba.

"Dada, leo nimekutangulia kwa dakika mbili," Rajmohan aliandika siku moja.

"Wewe unalipwa kukaa hapo," alimjibu. "Mimi nina samaki jikoni. Ngoja kesho."

Habari zikafika hadi kwa padri wa parokia yake. "Tresyamma, naambiwa siku hizi unamvunjia nazi Ganapati?"

"Kweli, Padri. Ila ya kwangu haina maji."

Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwenye mkutano wetu wa Aluva, tulipokusanyika watu arobaini ambao hatukuwahi kuonana sura. Alikuja na sufuria nzima ya muhogo na samaki wa pilipili, akatupakulia mmoja mmoja. Wakati wa kuondoka alinishika mkono. "Tangu nimzike mume wangu sijala na watu wengi hivi," alisema. "Mmenifanyia jambo kubwa, mdogo wangu." Mimi nilimjibu kwamba samaki alizidi chumvi.

Kati yetu alikuwapo Hamsa, mwalimu wa shule ya msingi kule Ponnani. Yeye aliandika jambo moja tu, maneno ambayo binti yake wa miaka saba, Nasiba, alimwambia yeye au mkewe Ramla. Kila andiko lilikuwa na mistari sita au saba, na kichwa chake siku zote kilikuwa jina la mtoto. Tulimpenda Nasiba kama wa kwetu. Mimi kila mara nilitoa maoni marefu, yenye methali na Kisanskriti kidogo, na watu walinisifu.

Mwezi wa Julai, katikati ya mvua, kikatokea kichwa kingine: "Nasiba."

Mtandao wa Kothamangalam ulikuwa ukitambaa kwenye waya wa simu, na kungoja ukurasa ufunguke kulikuwa kumwachia Rajmohan ushindi. Dada Tresya alikuwa na ujanja wake. Alifungua kwanza kisanduku cha maoni, akavunja nazi, kisha akarudi kusoma kwa utulivu. Siku hiyo aliandika: "Paaa! Nazi ya Nasiba leo ni yangu! Haya mwanangu, umetuletea nini?"

Andiko lilikuwa na mistari mitatu. Nasiba aliugua homa siku tano. Amefariki alfajiri, amezikwa adhuhuri. Mtuombee.

Kabla ukurasa haujamfungukia, umeme ukakatika, mgao wa nusu saa wa kila jioni. Akawasha mshumaa, akageuza samaki wake, akangoja bila kujua lolote. Umeme uliporudi alikuta maoni sitini chini ya lake, na zaidi ya nusu yalikuwa ya kumlaani. Moja lilikuwa langu: "Hata mbwa hunusa kabla ya kubweka. Dada Tresya, wewe hujawahi kutusoma hata siku moja. Unakuja tu kupiga kelele mlangoni." Nililipitia mara mbili kuhakikisha halina kosa, ndipo nikalituma.

Angeweza kulifuta lile neno lake, kitufe kilikuwa pale pale. Hakulifuta. Aliongeza mstari mmoja tu: "Nimekosa. Sikusoma. Hamsa, Ramla, nisameheni." Baada ya hapo hakuonekana tena. Maandishi mapya yakawa yanatoka kimya kimya, hakuna aliyethubutu kuvunja nazi, na Hamsa naye hakuandika neno.

Wiki ya sita simu ya kiwandani ikalia.

"Sivadasan? Ni Tresya."

"Dada. Habari za siku nyingi?"

"Nataka kwenda Ponnani kuwaona. Naogopa kwenda peke yangu. Nimekuchagua wewe unisindikize."

"Watu wote hao, umenichagua mimi?"

"Wengine watanihurumia, nami nitalia njia nzima. Wewe hutanihurumia."

Jumapili tukapanda basi, yeye kavaa sari nyeupe, amepakata mkungu mdogo wa ndizi. Nilimuuliza kwa nini hakulifuta neno lile.

"Nimekaa wodini miaka thelathini na miwili," alisema. "Ukimpa mgonjwa dawa isiyo yake, unaandika kwenye faili na unatia sahihi. Nesi wa kuogopwa ni yule anayefuta."

"Na wakikufukuza?"

"Watakuwa wamenifukuza nikiwa nimefika." Akauweka sawa mkungu wa ndizi mapajani. "Nyie ndio watu niliobaki nao, Sivadasan. Wanangu hunipigia Krismasi. Hamsa akinikataa, mashine ile naifunika kitambaa, siigusi tena. Nitakuwa nasikiliza mvua."

Aliyetufungulia ni Ramla, mama wa mtoto. Akauliza sisi ni nani.

"Mimi ni yule niliyevunja nazi," Dada Tresya akasema, nami nikataja jina langu.

Ramla akasogea tukapita. Hamsa alikuwa ameketi sebuleni, ndevu zimemjaa. Hakuinuka. Mkewe ndiye aliyetusogezea viti na kuzipokea ndizi.

"Hamsa, mdogo wangu, nimekuja—"

"Huyu hapa aliandika kwamba hujawahi kutusoma." Alinionyesha kwa kidevu bila kunitazama. "Hilo ndilo lililoniuma. Nazi yako sikuijali, siku ile sikuwa nasikia kitu. Lakini neno lake lilinikaa kichwani. Miaka miwili nimeandika habari za mwanangu. Je, kuna aliyekuwa akimsikia, au mlikuwa mkicheza mchezo wenu tu? Niambie kweli. Ulikuwa unasoma?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Dada Tresya alifuta mikono kwenye sari yake, ingawa mikono ilikuwa mikavu. "Alikuuliza kama samaki hupiga chafya," akasema.

Hamsa akainua uso.

"Ukamwambia hujui. Akasema, sasa wewe ni mwalimu wa nini? Siku ya Idi alikataa kuvaa kiatu cha kushoto, eti kinakisengenya cha kulia. Alimkataza Ramla kupika dengu Jumatano, kwa sababu Jumatano ina huzuni na dengu zitaizidisha. Alitaka kujua bibi yake alikuwa anaitwa nani na wajukuu kabla wajukuu hawajazaliwa."

Ramla alikuwa ameketi sakafuni, ameuma ncha ya mtandio wake.

"La Jumatano nilikuwa nimelisahau," Hamsa akasema. "Wallahi, nilikuwa nimelisahau." Machozi yalikuwa yakimtiririka kwenye ndevu, wala hakuyafuta. "Kuna jingine, Dada?"

"Yapo mengi."

Hapo ndipo aliponigeukia kwa mara ya kwanza. "Na wewe, Sivadasan? Wewe ndiye uliyekuwa ukiandika marefu. Unakumbuka lipi?"

Nikatafuta. Nilizikumbuka methali zangu. Nilikumbuka nani alinisifu, na kwa maneno gani. Nilikumbuka hata neno moja ambalo Hamsa alilikosea mara mbili, nikamsahihisha. La mtoto sikulikumbuka hata moja.

"Nimesahau," nikasema.

"Basi kaa usikilize," akasema Hamsa, akakisogeza kiti chake karibu na cha Dada Tresya.