Baba Aliomba Azikwe kwa Kicheko

Baba yangu alikuwa bwana mifugo wa serikali, na katika utumishi wake wote hakuwahi kumwogopa ng'ombe. Alimwogopa bata. Fahali wakorofi, wale ambao hata wenye zizi waliwakaribia kwa kubembeleza, yeye aliwachoma sindano huku akipiga mluzi. Lakini bata wa jirani yetu pale Miyuji akikatiza uani na kunyoosha shingo, mtumishi wa umma aliingia ndani akafunga mlango. Mama alimcheka waziwazi. Sisi watoto tulisubiri mlango ufungwe kwanza.

Habari za bata zisingevuka ukuta wetu kama si dereva wake wa kazini. Huyu alikuwa Mrangi wa Kondoa, Mwislamu wa swala tano, na Baba alikuwa Mgogo na mzee wa kanisa. Walizunguka pamoja vijiji vya mkoa mzima, wakilala kwenye ofisi za kata na kushindia mahindi ya kuchoma. Huko barabarani waliamua kuwa watani, na wakaushika utani huo kama watu wengine wanavyoshika undugu. Kwenye utani hakuna kununa. Mtani akiingia jikoni kwako akaondoka na kuku, unamsindikiza mpaka njiani na kumwomba radhi kwamba kuku ni mdogo.

Krismasi moja dereva huyo alituletea bata hai, amefungwa miguu, akamkabidhi Baba mbele ya wageni kwa heshima zote. Baba alimshukuru kupitia dirishani.

Walistaafu kwa kupishana kidogo. Nilidhani Baba atanyong'onyea, maana nimeona wastaafu wanaokaa barazani wakisubiri kuitwa ofisini. Yeye aliamka, akanyoa ndevu, akachomekea shati, kisha akatoka kwenda kuangalia mbuzi wa watu. Mtaa mzima ulimtumia bure na yeye alifurahi kutumiwa. Mtani wake alikuwa na nyumba Makole, na kila Ijumaa baada ya swala alikuja kwetu kula ugali wa uwele na mlenda, ile mboga yetu ya kuteleza.

"Shemeji," alimwambia Mama, "huu mlenda mnaumeza ninyi au unajimeza wenyewe?"

Kisha alimaliza bakuli na kuomba lingine. Baba alimjibu kwamba Mrangi hajui kutafuna kwa sababu ameendesha gari polepole maisha yake yote, mpaka taya zimezoea. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu, lakini Ijumaa nikiwa na nafasi nilikwenda Miyuji kukaa pembeni na kuwasikiliza. Sijui burudani nyingine iliyonifaa zaidi.

Moyo wa Baba ulipoanza kuchoka, madaktari walituambia ukweli na yeye akausikia pamoja nasi. Jioni moja baada ya chai akatuitisha kikao. Mtu wa serikali hata akiugua anaongoza kikao. Tulikuwa Mama, kaka yangu mkubwa aliyekuja kutoka Dar es Salaam, na mimi.

"Mimi nimeishi vizuri," Baba alisema. "Sitaki kuzikwa kama mtu aliyeonewa. Mtani aachwe afanye kazi yake ya kutania kaburini. Nataka watu wacheke."

Kaka yangu ni mtu wa suti na mambo yaliyopangwa. Akakohoa. "Baba, hayo yalikuwa ya zamani. Kutakuwa na wageni wa heshima. Watatuelewaje?"

"Hao wageni wako," Baba akauliza, "watakuwa wamekuja kumzika nani?"

Kikao kikafungwa. Mimi neno lile lilinikaa. Baba hakuwa mtu wa kuomba vitu. Shati jipya tu tulimnunulia kwa kumvizia. Hili aliliomba kwa mdomo wake, na niliapa moyoni kwamba atalipata.

Alifariki asubuhi moja ya masika, Mama akiwa amemshika mkono. Nililia mpaka nikachoka, kisha nikaenda Makole. Nilimkuta mtani ameketi kitandani na kanzu yake, kofia ameishika mkononi. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mama yako kuzika nitakuja. Kutania, hapana. Sina nguvu hizo."

Mimi hasira zangu ziko karibu, na msiba huzisogeza karibu zaidi. Nikamwambia kwamba Baba aliomba jambo moja tu, na kwamba mtani hana likizo.

"Najua alichoomba. Aliniambia mimi kabla yenu." Akaigeuza kofia mikononi. "Nikifungua mdomo pale nitalia. Mtani akilia, msiba umeharibika."

Nilirudi Miyuji bila ahadi yoyote. Kaka aliposikia, alijaribu kuficha ahueni yake na hakuweza.

Siku ya maziko kwaya iliimba vizuri, wasifu ukasomwa, mchungaji akahubiri. Kila mtu alimsifu Baba na kila sifa ilikuwa ya kweli, lakini nilikuwa namtafuta mtani kwa macho na simwoni. Jeneza lilisogezwa karibu na kaburi. Vijana wakashika kamba. Nikasema moyoni, basi, Baba, nimeshindwa.

Ndipo watu wa nyuma wakaanza kupisha. Mzee alipita katikati na kanzu yake nyeupe, hakumsalimia mtu, akafika, akaketi kwenye ukingo wa kaburi na kuning'iniza miguu ndani. Vijana wa kamba wakabaki wanatazamana.

"Mchungaji," akasema, "mimi nilifika mapema. Lakini nilivyosikia huyo mtu mnavyomsifu, nikajua nimekosea msiba, nikaondoka. Nimezunguka makaburi yote kumtafuta Mgogo wangu."

Mama akacheka. Ndiye aliyeanza, mjane mwenyewe, kitenge mdomoni na mabega yakitikisika, na wengine wote wakapata ruhusa.

Mzee hakusubiri. Alisema kaburi amelikagua na halitoshi, uwele wote ule aliokula utakaa wapi. Akauliza nani aliyeidhinisha safari hii, maana bwana mkubwa hajawahi kusafiri bila dereva. Akakataa kutoa miguu mpaka apewe jogoo. Kaka yangu, na suti yake, akapiga magoti kwenye udongo na kumbembeleza. Wakapatana jogoo wawili na beberu mmoja, na kufikia hapo Kaka alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja mpaka miwani ikaanguka. Mchungaji aliinamisha kichwa, nadhani hakuwa anasali. Baba akashushwa watu wakicheka, kama alivyotaka. Nilifurahi. Sioni haya kusema kwamba nilifurahi makaburini kwa baba yangu.

Mchana tulirudi nyumbani kula. Chini ya turubai watu walikuwa wakirudia maneno ya mzee na kuongeza ya kwao. Mwenyewe nilimkuta amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki, sahani ya pilau magotini, hajaigusa.

"Ahsante, baba mdogo," nikasema.

"Kazi yake nimeifanya." Alikuwa anaitazama sahani. "Mimi je? Mimi sasa atanitania nani?"

Kidevu kilianza kumtetemeka. Kilio alichokizuia makaburini kilikuwa kimefika, na kilikuwa kinakuja hapo hapo, mbele ya wote.

Utani hurithiwa, kila mtu kwetu anajua. Lakini mzee huyu nimemwamkia shikamoo tangu nilipojua kusema, na sijawahi kumtolea neno lisilo na adabu. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake.

"Wewe Mrangi," nikasema, na sauti ilitoka juu kuliko nilivyokusudia, "pilau la watu linapoa. Unasubiri nikutafunie?"

Watu waliokaa karibu waligeuka. Mzee aliinua macho, akafinyanga tonge la wali, akalitia mdomoni na kulitafuna taratibu.

"Mgogo wewe," akasema, "hata kutukana hujui. Sogea hapa nikufundishe."