Mvinyo na Soda ya Limau kule Shiling

Sijui kama nitalieleza sawasawa, maana mpaka leo linanisumbua. Nilikwenda Shiling, mji wa viwanda vya mikoba huku ughaibuni, kufuata mikoba sitini ya sare, ya send-off, sherehe ya kumuaga mdogo wangu kabla ya ndoa. Wakala wetu wa mizigo pale Tianxiu, jengo la wafanyabiashara mjini, alikuwa anafunga mzigo wa ndege kesho yake asubuhi. Nikiukosa huo, mashangazi, mama mkubwa na mama wadogo wangeingia ukumbini mikono mitupu. Na mdogo wangu hakuacha kunitumia sauti: "Dada, imetoka? Dada, si unijibu basi!"

Imetoka wapi? Hata kushonwa ilikuwa haijaanza. Mafundi wachache waliokuja kazini walikuwa kwenye oda ya Mhispania mmoja, mnunuzi kama mimi. Simsingizii: oda yake ilitangulia yangu, tena ilikuwa kubwa.

Mchana laoban, ndivyo tunavyomwita mwenye kiwanda, alituandalia chakula ofisini kwake, akafungua chupa ya mvinyo mwekundu. Mhispania akajaza barafu kwenye glasi, akamimina mvinyo nusu, juu yake akamalizia soda ya limau. Nikajua laoban atanuna, chupa ya heshima kuharibiwa vile. Wapi! Alipiga meza kwa furaha.

"Wageni wote wananicheka nikichanganya hivi!" akasema kwa Kiingereza chetu kile cha sokoni. "Wewe ndiye unajua kunywa."

"Kwetu wakati wa joto ndicho kinywaji," Mhispania akajibu. "Mvinyo mtupu kwenye jua hili ni adhabu."

Wakagonganisha glasi, wakagonganisha tena. Mimi nimeokoka, nilikuwa na chai yangu. Kila walipocheka niliona mikoba yangu inarudi nyuma. Labda nilimwonea Mhispania, kwa sababu ni yeye huyo huyo aliyenitengenezea ya kwangu isiyo na mvinyo: soda, barafu, kipande cha limau.

"Dada wa chai, shika. Utaungua bure."

Nikaona nisiposema sasa sitasema tena. Nikamwomba aniachie mafundi kwanza.

"Sitini tu?"

"Sitini tu. Mdogo wangu anaolewa."

Akatazama saa. "Chukua mafundi mpaka saa kumi. Baada ya hapo anakuja mkaguzi wangu, akikuta kazi yangu imelala nitagombezwa mimi."

Mafundi wakabadilisha nyuzi. Nikawa nazunguka katikati ya cherehani, nagusa hiki, nageuza kile, mpaka mama mmoja fundi akanifukuza kwa mkono kama kuku.

Saa kumi ilifika mikoba kumi na mitano bado. Mkaguzi hajaja. Mhispania kalala kwenye kochi la ofisi, glasi kaishikilia tumboni, barafu yote imeyeyuka. Laoban akaninong'oneza, "Endelea, rafiki. Kalala. Nani atajua?"

Mafundi walikuwa wananitazama, waendelee au waache. Nikamwambia laoban warudishe uzi wa Mhispania.

"Wewe mfanyabiashara wa namna gani?" akasema, akaenda zake kuwaambia.

Ndani ya basi nikampigia mdogo wangu. Nikamwambia ni arobaini na mitano, katika watakaokosa aanze na mimi, na nikamweleza ilivyokuwa.

"Sasa dada, kwa nini hukumwamsha ukamwomba tena?"

Nikamwambia mtu aliyekutendea wema mara moja si haki kumrudia, atakubali kwa kuona haya. Nilivyokuwa nasema nikajisikia vibaya. Huenda nilikuwa mwoga tu, nikaupamba woga wangu. Huenda angesema endelea, akageukia upande wa pili akalala.

"Haya. Mama mkubwa hatapata," akasema. "Utamwambia mwenyewe."

Akakata. Nikaitafuta namba ya mama mkubwa, nikaifunga simu, nikaifungua tena. Mara ya tatu nikapiga.