Siku Kenya Iliporidhia Mezani

Katika miaka ya tisini gugu maji liliziba ghuba yetu ya Kisumu hata boti zikashindwa kutoka gatini. Nchi tatu za ziwa zikatuma wajumbe mjini kwetu kujadili mkataba wa kulinda maji. Mimi nilikuwa karani wa mjumbe wa Kenya, mtu wa Asembo aliyeogopa vitu viwili duniani: nyoka na simu kutoka Nairobi. Asubuhi ya mkutano simu ilikuwa imelia. Agizo lilikuwa fupi: asiwe wa kwanza kukubali, wala asiwe wa mwisho.

Mpaka adhuhuri hakuna aliyekubali. Mjumbe wa Uganda, mzee mnene mwenye tai nyekundu, aliusifu mkataba mpaka koo likamkauka, kisha akasema angependa kuwasikia majirani kwanza. Bosi akajibu kwamba mwenyeji hatangulii wageni. Mjumbe wa Tanzania, mama mmoja mpole, akasema wao bado wanatafakari. Tukaenda kula.

Ngege, samaki wa ziwa letu, waliletwa wazima, wamelala kwenye mchuzi wa nyanya. Mpishi akamuuliza yule mama kama aongezewe. Mama akafunika sahani kwa mkono.

“Asante, baba. Sisi tumeridhika kabisa.”

Bosi alikuwa mwisho wa meza. Akanikanyaga mguu.

“Umesikia? Tanzania wameridhia! Na wewe unafyonza kichwa cha samaki tu!”

“Mzee, nadhani amesema...”

Alikuwa ameshasimama. “Waheshimiwa, Kenya hatuwezi kuacha ndugu zetu wa Tanzania peke yao. Na sisi tunaridhia!”

Mjumbe wa Uganda akatazama huku, akatazama kule, akajiona kabaki peke yake. Akainuka na tonge mkononi.

“Uganda nayo imo! Imo tangu asubuhi!”

Makofi yakapigwa. Mama alitukodolea macho.

“Jamani, mimi nilisema samaki.”

Bosi akakaa polepole, kama kiti kina miiba. Mama akafikiri, akapangusa vidole.

“Lakini nyinyi wawili mkishakubali, mimi nikifika kwetu nitasema nini? Haya, na sisi tumo.”

Jioni bosi akapiga simu Nairobi, mimi nikiwa nimesimama mlangoni.

“Hapana, mkuu, si sisi wa kwanza. Tanzania ndio walianza.” Akaniona, akaziba simu kwa kiganja. “Si walianza?”

“Walianza kushiba, Mzee.”

Akaniashiria nifunge mlango, nikiwa nje.