Aliyekuwa Chini ya Kisima

Mimi si mtu mwenye subira, na sipendi wageni wanaokuja studio bila kuitwa. Kwa hiyo mlinzi aliponiambia kuna mama ametoka Kakuma kuniona kuhusu mchezo wetu wa redio wa Alhamisi, nilimwambia amwambie sipo. Mlinzi akarudi akasema mama amekubali, atangoja mpaka niwepo. Alingoja tangu saa tatu hadi saa saba, ameketi juu ya mtungi wake mtupu kwenye kivuli chembamba cha ukuta, huku mimi nikipita dirishani na kujitia hamnazo. Joto la Lodwar saa saba mnalijua. Mwishowe nikashikwa na haya, nikatoka.

Jina lake ni Namuria. Ninamwandika hapa kwa sababu tangu siku ile nimeshindwa kumtoa kichwani.

Mchezo wenyewe haukuwa kitu cha kujivunia. Mfadhili alitaka vipindi kumi na viwili vya kuhimiza watu wanawe mikono, nami, Mutua, Mkamba niliyeletwa huku na kazi, nikabuni boma moja la wafugaji. Nikamtia humo mwanamke mgeni, nikamwita Akidor. Hakuna aliyejua kwao wala ukoo wake. Aliteka maji baada ya wote na kula baada ya wote. Nilimweka ili wenzake wapate mtu wa kumcheka, basi. Lakini Jeptoo, mwalimu wa chekechea aliyeigiza sauti yake, aliyasema maneno yake kwa upole mpaka watu wakaanza kumwulizia sokoni. Mfadhili akalalamika kwamba Akidor anachukua muda wa sabuni. Nikakasirika, na hasira zangu nikazimalizia kwa huyo huyo Akidor. Katika kipindi cha tisa nilimtuma kisimani peke yake, akashuka, na hakutajwa tena.

Namuria alinisalimu kwa Kiturkana, ejok, nikamjibu. Akaniuliza kama mimi ndiye niliyemleta Akidor. Nikamwambia ndiyo, ila mama asijisumbue, ile ni hadithi tu, hakuna mtu anayeitwa hivyo. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mwenye maneno mengi. Alijua ni hadithi. Alichotaka kujua ni kile kisima ni cha watu wangapi.

Sikumwelewa, ikabidi anieleze kazi ambayo nilikuwa nimeiandika bila kuijua. Visima vya mchangani, kwenye mito mikavu ya wafugaji, hupimwa kwa watu. Kuna cha watu wawili, kuna cha wanne. Kila mwanamke husimama kwenye ngazi iliyochongwa ukutani, aliye chini kabisa huchota, karai linapokezwa juu mkono kwa mkono, na wote huimba ili mikono isipishane. Nilikumbuka. Katika kipindi cha pili mimi mwenyewe niliandika kwamba kisima kile ni cha wanawake wanne. Nilisikia hivyo mahali, nikaona kinapendeza. Kisha nikamtuma mtu mmoja.

"Mtu moja haiwezi teka hiyo kisima, mwalimu," Namuria alisema. "Kama yeye iko chini, kuna mwingine alikuwa juu yake. Huyo mwingine alienda wapi?"

Nikamwingiza ndani, nikampa maji. Hakuyanywa mpaka mimi nilipokunywa.

Alizaliwa Longech, ziwani, binti wa mvuvi. Akaolewa mbali, Lokiriama, kwa watu wa mifugo, na huko akawa kichekesho cha boma. Walishika pua alipopita. Walisema maziwa yanaharibika mikononi mwake kwa harufu ya samaki. Kisimani walimweka chini kabisa, kwa kuwa mchanga ukianguka humwangukia wa chini. Alikaa huko chini miaka mitatu. Alisema wimbo wa kisima alikuwa haujui mwisho wake, kwa sababu wenzake waliumalizia wakiwa wameshatoka nje na kuondoka, yeye bado anapanda.

Kisha akaletwa bibi arusi mwingine kutoka Kaaleng, msichana aliyeitwa Apua, asiye na ndugu wa kumtetea katika nchi ile. Apua akawekwa chini, na Namuria akapanda ngazi moja. Alifurahi. Hilo alinieleza bila kuficha, akinitazama usoni. Alifurahi, na watu walipomcheka Apua, yeye ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku ukuta ulipopasuka, wa juu wawili walitoka mbio. Apua akainua mkono na kumshika Namuria kifundo cha mkono. Hakupiga kelele, alimshika tu. Namuria akauvuta mkono wake kwa nguvu mpaka ukachomoka, akapanda. Mchanga ukafuata nyuma yake. Wanaume walichimba mpaka ng'ombe wakarudi, kisha wazee wakaamua kisima kiachwe, ndilo kaburi. Hakuna aliyemwuliza Namuria lolote. Kwa mara ya kwanza wanawake wa boma walimkumbatia, wakamshukuru Mungu kwamba amepona. Baada ya mwezi mmoja alifunga mizigo, akaondoka kwa miguu.

Sasa anaishi Kakuma, anafulia nguo familia za Wakongo kwenye kambi ya wakimbizi. Ana redio ndogo ya sola, na huiweka juu ya ndoo anapofua.

"Kwanza nilisema huyu Akidor ni mimi," aliniambia. "Kila Alhamisi ni mimi. Nilikuwa nalia, nafurahi, mtu amenijua. Halafu akabaki chini. Mimi sikubaki chini, mwalimu."

Nilimwuliza anataka nifanye nini, na sauti yangu haikuwa na ukali tena. Alisema wimbo ule bado anausikia, unaishia pale pale mikono ilipoachana, kisha anahisi vidole. Alinionyesha kifundo cha mkono. Hakikuwa na alama yoyote, na hilo ndilo lililonitisha. Alitaka jambo moja: katika mchezo, mtu arudi kwenye mdomo wa kisima, amwite Akidor kwa jina, ajue kwamba hakusahaulika. Yeye mwenyewe Lokiriama hathubutu kurudi.

Kilikuwa kimebaki kipindi kimoja tu, na nilikuwa nimeshakiandika, kurasa nzima za sabuni. Nilizitupa. Nikaandika ukurasa mmoja wa mwanamke anayerudi kisimani, na nikamwomba Namuria auseme yeye. Hajui kusoma, basi Lokaale, fundi wetu wa mitambo, akamfundisha maneno mpaka yakamkaa. Yalikuwa machache: Akidor, nimerudi, nipe mkono. Jeptoo angejibu kwamba yuko hapa, na mchezo ungeisha kwa wanawake kuimba. Nilijiona nimefanya wema mkubwa.

Tulianza kurekodi asubuhi iliyofuata. Namuria alisimama mbele ya kipaza sauti, lakini hakukitazama. Alitazama sakafu, karibu na miguu yake, kama pana shimo. Akainama, akanyoosha mkono.

"Apua," alisema. "Nimerudi. Leta mkono."

Jeptoo alikuwa ameshafungua kinywa. Akakifunga. Baadaye aliniambia hangeweza kuitikia jina la marehemu, hata angelipwa nini, nami simlaumu. Alinitazama, Lokaale naye akanitazama, kidole chake juu ya kitufe. Ningeweza kumpa ishara asimamishe. Sikumpa. Nilikuwa naogopa, niseme ukweli, niliogopa sauti isije ikatoka pale chini. Sote wanne tulikaa tukiikodolea macho sakafu ya saruji.

Tulikirusha hewani hivyo hivyo, pamoja na kile kimya. Mfadhili alinipigia simu kuuliza mitambo yetu ina kasoro gani, na hatujapewa kazi nyingine naye.

Asubuhi ile studioni, Namuria alingoja mpaka mkono ukamchoka. Kisha akaurudisha taratibu, akakitazama kifundo, akanishukuru kwa adabu. Akachukua mtungi wake, akauliza kama bomba la nje linatoka maji. Lilikuwa linatoka, na palikuwa na foleni ndefu. Nilimtazama kupitia dirisha lile lile. Kila alipokaribia bomba alimpisha aliye nyuma yake, mlinzi, wauza chai, hata mama mmoja aliyekuja na mitungi minne, akawapisha wote mpaka akabaki peke yake. Ndipo alipoinama kuteka, na kabla ya kufungua bomba akageuka kutazama nyuma, kuhakikisha hakuna aliyesalia.