Lavenda ya Zuena na Mvua ya Alasiri

Radi ilinguruma upande wa msitu, na Zuena akaliacha shati la mteja chini ya sindano ya cherehani, bado lina mkono mmoja.

"Ameenda tena!" Weldon, mwenye shati, akalalamika. "Kanisani nitavaa nini, Zuena?"

"Vaa hilo hilo! Mkono usio na nguo uinue juu, umsifu Mungu!" Alijibu akiwa tayari barabarani, viatu mkononi.

Ndivyo ilivyokuwa kila alasiri. Nyumbani kwake Lurambi, Kakamega, kando ya ukuta, mkebe wa rangi ulibeba mlavenda wenye majani ya fedha, kama yaliyopakwa jivu. Mama yake alikuwa na kichaka cha mlavenda mlangoni, kule Mumias. Vijitawi vilivyokauka alivilaza sandukuni kati ya mabuibui yake, ili nguo zinukie. Mama alipofariki, kaka yake Abdulmalik alipanua nyumba na kichaka kikang'olewa. Zuena aliwahi tawi moja kwenye kifusi. Likashika mizizi, na utulivu ukamtoka yeye. Mmea ule hautaki miguu yake ilowe, na Kakamega mvua haibishi hodi. Jua likiwaka, mkebe nje. Wingu likija, mkebe ndani.

Siku hiyo alikuta mkebe mtupu.

"Nimekuonea huruma, unakimbianga sana," alisema jirani yake Pascalia, mikono imejaa matope. "Nimeupanda hapo kwa sukuma wiki. Mbolea ya ng'ombe nimejaza, maji nimemwaga beseni nzima. Hiyo jivu tu ndiyo nimeosha ikakataa kutoka."

Zuena aliinama kuufunika mmea kwa mikono. Mvua ikashuka juu ya wote watatu.

Juma halijaisha, majani ya chini yakawa meusi. Zuena alichutama pale akinusa uozo, machozi yakimtoka, ndipo akasema mmea ulikotoka.

"Ni wa mama?" Pascalia akashika kichwa. "Na wewe umenyamaza tu, unaniangalia nikiua!" Alizunguka ua mara mbili, kisha akasimama. "Kwani viazi vitamu tunapandanga wapi, visioze?"

Wakainua tuta mtelemkoni, wakachanganya udongo na kokoto zilizobaki kwa mjenzi. Mbolea hawakutia hata chembe. Zuena alikata palipooza, akakipanda kilichobaki: kijiti chenye majani machache kileleni.

Mvua zilikuja, naye akakimbia kila mara, mashati ya watu yakingoja. Alasiri moja ya mvua ya mawe alifika akihema. Maji yalikuwa yakigawanyika kwenye tuta na kuteremka pande mbili. Ubavuni mwa kijiti palichomoza vichipukizi viwili, vyeupe kwa jivu lao.

"Zuena, ingia ndani!" Pascalia aliita kutoka mlangoni. "Mmea umetulia, wewe ndiye unapigwa na mawe!"

Hakuingia. Alisugua jani kati ya vidole, akakipeleka kiganja puani, na kwa harufu ile mlango wa mama kule Mumias ukafunguka.