Figiri za Mwaka wa Unga wa Njano

Mwaka ule tulikula unga wa njano. Muulize mzee yeyote wa hapa Tunduma, hatakutajia namba ya mwaka, atakwambia ulikuwa mwaka wa unga wa njano, ule wa msaada, ambao ugali wake uling'aa kama kiini cha yai na ukipoa unakuwa mgumu kama sabuni ya kipande. Baadaye mvua ikarudi, tukarudi kwenye mahindi yetu meupe, watu wakasahau. Mimi sijasahau, na kilichonizuia ni harufu. Juma lililopita niliisikia tena, uani kwangu, katikati ya viroba vyangu vya udongo ninamopanda mboga, nikakaa chini kwenye ndoo. Nitawaambia ni harufu ya nini, ila nianze na mama.

Mama alitoka milima ya Ileje akaolewa huku mjini, na kulima hakukuacha kule milimani. Nyuma ya nyumba yetu alikuwa na matuta manne ya figiri. Samadi aliiomba kwa wenye ng'ombe akaibeba kichwani mwenyewe. Wadudu aliwapiga kwa majivu ya jikoni. Alfajiri, umande ungali kwenye majani, aliyafunga majivu kwenye kitambaa chepesi akawa anayapukuta juu ya matuta, yakashika. Ukichelewa, jua likakausha umande, majivu yanapeperuka na wadudu wanaendelea kula. Kwa hiyo nami niliamshwa saa hiyo, nimshikie beseni la majivu, meno yananigongana kwa baridi.

Kazi hiyo niliionea aibu, nasema kweli. Mboga zetu zilikuwa na rangi ya kijivu na vitundu viwili vitatu kila jani. Wasichana wenzangu walinisubiri kisimani.

"Sekela, figiri zenu zimeota mvi!"

"Mwacheni, ni mboga za wazee hizo. Zina meno ya kuazima."

Walicheka mpaka maji yakamwagika. Nilikuwa darasa la tatu, ndilo nililoishia, na kichwani mwangu hakukuwa na jambo kubwa kuliko kucheka na mimi siku moja.

Ndipo akaja mjomba Yoramu, kaka yake mama, kutoka Itaka, alikokuwa na mibuni. Alikuja na kopo la maziwa ya unga, ndani yake hamna maziwa. Ilikuwa dawa ya kahawa, unga mweupe wenye harufu inayokwaruza koo, nusu ya mafuta ya taa, nusu ya kitu kilichooza.

"Dada, nyunyiza hii," alisema. "Hapa hata siafu watahama mtaa."

"Mibuni yako huli majani yake, kaka," mama akamjibu. "Mimi majani ndiyo nauza. Rudi nalo."

Mjomba akalichomeka juu ya ukuta, chini ya bati, alichukue siku ya kuondoka. Mimi nikaona alipoliweka. Sikuona kingine siku hiyo nzima.

Aliondoka amelisahau, na Jumamosi alfajiri mama alikuwa na homa, akaniambia nikapukute majivu peke yangu. Nilipanda juu ya kinu, nikalifikia kopo, nikachanganya unga ule na majivu, vikombe viwili kwa kimoja, kama mtu anayekanda maandazi. Nikapukuta matuta yote manne. Nilipiga chafya mpaka machozi. Jioni ikanyesha mvua kidogo, ikasafisha majani, na Jumapili asubuhi figiri zetu zilisimama za kijani, zinang'aa, hakuna hata mdudu mmoja anayetembea. Mama alikuwa amepata nafuu, akaenda kanisani moja kwa moja bila kupita nyuma. Mimi nikabaki kulinda nyumba, nimekaa mbele ya matuta yangu kama bibi harusi.

Akaja Mama Ruti, jirani yetu, mjamzito wa miezi mingi, na kapu lake.

"Ala! Leo zimeoga hizi? Mama yako aliniambia jana nichume. Watoto wangu wamekula ugali mkavu siku mbili, Sekela, unawakwama hapa." Akajishika koo.

Nilimsaidia kuchuma. Nilimchagulia majani makubwa. Aliponisifu, "Mkono wako mzuri kuliko wa mama yako," nilitaka kuruka.

Alipokwisha kuondoka nikamwona kuku wetu mweupe. Alikuwa akidonoa wadudu waliodondoka chini ya tuta. Akatembea hatua tatu, akapinda shingo, akaanguka ubavu, miguu ikawa inapiga hewa kama mtu anayeendesha baiskeli. Halafu ikaacha. Akafuata tetea mwingine, pale pale, mbele ya macho yangu.

Nataka mnielewe. Nilijua. Mtoto anajua. Nilimtazama kuku, nikayatazama yale mapengo ya majani tuliyochuma, na miguu yangu haikwenda kwa Mama Ruti. Nilisimama. Nilisikia anapasua kuni upande wa pili wa uzio, nikasikia watoto wake watatu wanagombania kigoda, nikasikia sufuria inawekwa mafigani. Moshi ukapanda juu ya uzio. Ningepiga kelele moja tu ingetosha. Sikuipiga, kwa sababu nikisema, nimekiri.

Mama akatokea kona ya nyumba, Biblia mkononi. Akawaona kuku. Akavunja jani, akalinusa, akanitazama. Hakuuliza nani katia dawa.

"Nani amechuma?"

"Mama Ruti."

Sijapata kumwona mtu mzima anakimbia hivyo. Viatu vya kanisani vilibaki matopeni. Nilimfuata. Tulikuta ugali wa njano umeshapakuliwa, watoto wamenawa, na Mama Ruti ameinama anainua mfuniko. Mama hakutafuta kitambaa. Aliinyanyua sufuria kwa viganja vyake vitupu, akaimimina mboga yote kwenye majivu ya moto, akaikanyaga. Akapora na kapu lenye majani yaliyobaki.

Watoto wakaanza kulia. Mama Ruti alishika kiuno.

"Mama Sekela, umepagawa? Si uliniruhusu mwenyewe? Unatoka kanisani unakuja kumwaga chakula cha watoto? Kama umeghairi si useme, nikulipe!"

Majirani walishachungulia. Mama alikuwa anahema. Nilijificha nyuma ya kitenge chake nikingoja aseme, ni huyu, mtoto wangu ametia sumu. Akasema:

"Siuzi wala sitoi. Unitukane ukiwa mzima."

Akatukanwa. Mchoyo, roho ya chatu, mwanga, aliitwa yote. Yeye alinishika bega akanirudisha nyumbani, na hapo ndipo nilipoviona viganja vyake, ngozi imevimba malengelenge. Hakunipiga. Tuling'oa matuta yote manne, tukachimba shimo refu, tukafukia figiri, kuku na kopo la mjomba. Miezi mingi tulikula ugali ule kwa maji ya chumvi. Kisimani sikuitwa tena mwenye mboga za mvi. Niliitwa mtoto wa mchoyo, na nikalipokea jina hilo nikidhani mama ameona haya kusema ukweli.

Nilikuja kuelewa nikiwa na watoto wangu. Mwaka wa njaa, msichana aliyetia sumu kwenye mboga za mjamzito, jina lake lingekuwa nani mpaka leo? Nani angemwoa? Nani angekula kilichopita mkononi mwake? Mama alilipima hilo katika pumzi moja, mikono inaungua, akachagua achukiwe yeye.

Siku tulipomzika mama, nilimwambia Mama Ruti yote. Ruti na wadogo zake walikuwa pale wamesimama, na yule wa tumboni ndiye aliyeshika koleo. Mama Ruti akasema, "Kumbe nimemchukia miaka yote hii nikiwa mzima."

Sasa hiyo harufu ya juma lililopita. Nina viroba thelathini vya mboga uani, na hakuna mtaa hapa Tunduma usiojua figiri zangu. Nilimkuta mkwe wangu Anita na kichupa cha dawa ya wadudu, harufu ni ile ile ya kopo la mjomba.

"Nimepulizia jana, mama. Muuza duka amesema haina neno."

Kabla sijamjibu, akaingia yule dada mwenye mgahawa upande wa Zambia, mteja wangu wa kila siku, akanijulia hali kwa Kibemba, akiniita mama.

"Mulishani, mayo! Ah, leo zimenona. Nipe viroba viwili vyote, madereva wa malori wananisubiri, sufuria iko motoni." Na mkono wake tayari uko kwenye jani.

Niliinuka kwenye ndoo. Nikaushika ule mkono, nikauondoa.

"Mayo, kwani nimekukosea nini? Nitaenda kwa mwingine, sirudi tena hapa!"

Anita alikuwa nyuma yangu, ameshika kitenge changu.

"Siuzi wala sitoi," nikamwambia. "Unitukane ukiwa mzima."